Dada, mama, anti, madam, mrembo: mwanamke usiyemjua umwite lipi?

Mi kazi yangu ni mapokezi, nimekaa kaunta miaka 12 sasa, kila siku wanakuja watu ambao sijawahi kuwaona na wengi sitawaona tena, na wanawake wote wanaokuja lazima niwaite kwa neno fulani kabla sijajua majina yao. Afu na mimi mwenyewe ni mwanamke wa miaka 39, kwa hiyo nikitoka kazini na mimi naitwa, dereva ananiita hivi, muuzaji ananiita vile, kijana aliekaa barazani ananiita anavyojua yeye. Nipo pande zote mbili, ndo maana hili jambo nimeliwaza sana na nimewauliza wanawake wengi, wateja, majirani, ndugu zangu, nikagundua kila mmoja ana neno lake linalomchoma na wengi hawajawahi kumwambia mtu.

Naandika kwa ajili ya yule anaejiuliza kwa nia njema kabisa, huyu mtoto wa watu nimwite nani nisimkwaze? Maana lugha yetu kwenye hili inatupa kazi. Ukisema "wewe" au "yeye" hujasema kama ni mwanaume au mwanamke, kijana au mzee, mzigo wote unabebwa na lile neno moja unaloliweka baada ya samahani. Ukisema "samahani dada" umeshamkadiria umri. Ukisema "samahani mama" umemkadiria umri na watoto ukampa. Ukisema "samahani mrembo" umeshamkagua. Kwa hiyo nikilinganisha haya maneno naangalia vitu vitatu tu: linamkadiria umri? linagusa uzazi au ndoa yake? linagusa mwili wake? Neno likishika vyote vitatu kwa mtu ambae hata jina humjui, hapo kukosea ni rahisi mno.

DADA NA MAMA

Nianze na haya mawili maana ndo yanayogombaniwa kila siku, mengine yote ni madogo ukilinganisha.

Dada linasema tupo rika moja au tunakaribiana, we ni mwenzangu. Halina habari na ndoa, halina habari na watoto, umri linaugusa kwa mbali. Kwa mwanamke wa kuanzia miaka 18 mpaka 40 na kitu hivi, mi sijaona neno linalopita salama kama hili, na wengi niliowauliza walisema hivyo hivyo, mmoja akaniambia "nikiitwa dada nageuka bila kuwaza kitu", na hiyo kwangu ni sifa kubwa kwa neno, kwamba mtu anageuka na anaendelea na shughuli yake.

Ila dada nalo lina shimo lake ambalo sikulijua mpaka nilipoambiwa. Kuna mama mmoja anakuja ofisini kwetu kila baada ya miezi michache, nikawa namwita dada, siku moja akaniomba kwa upole nisimwite hivyo. Akaniambia alifanya kazi za ndani miaka 9, nyumba tatu tofauti, na kote huko jina lake lilikua dada. Dada lete maji, dada mtoto analia, hata wageni dada, kuna nyumba aliondoka baada ya miaka minne na baba mwenye nyumba akawa hajui jina lake halisi. Kwa hiyo neno ambalo mimi nalisikia kama undugu yeye analisikia kama sauti ya mtu anamwita kutoka sebuleni. Toka siku hiyo huwa najikumbusha kwamba neno linakuja na historia ya anaeitwa, sio ya anaeita.

Na kuna upande wa pili, dada kwa mtu mzima sana linageuka. Kijana wa miaka 22 akimwita mwanamke wa miaka 65 dada, wengi wanasikia kama anawashusha, au anataka kitu. Shangazi yangu akiitwa hivyo anajibu "dada yako yupo kwenu" na hapo hatanii.

Sasa mama. Mama ni neno zito, na uzito wake ndo uzuri wake na ndo ubaya wake. Ukimwita mtu mama umempa heshima kubwa kuliko zote tulizonazo, umesema mimi ni mdogo kwako, siwezi kukufanyia utovu wa adabu. Kwa mwanamke mtu mzima, wa miaka 50 kwenda juu, mi naona halina mpinzani. Wapo pia vijana wanaolipenda sana. Jirani yangu alikaa kwenye ndoa miaka 11 akitafuta mtoto, alipopata, aliniambia barabarani mtu akimwita mama anasikia kama anapewa cheo, hata kama anaemwita hajui lolote. Na kuna binti wa miaka 19 mwenye mtoto mgongoni akaniambia tofauti kabisa, kwamba toka ajifungue hakuna anaemwita jina, kila mahali ni mama, mama, na yeye anahisi kama ujana wake umefungiwa mlango wakati bado yupo ndani. Neno ni lile lile, mtoto mgongoni ni yule yule, ila hisia ni mbili tofauti kabisa.

Halafu kuna sisi ambao hatuna mtoto. Hapa ntasema la kwangu.

Nilipokua na miaka 34 nilipoteza mimba ya miezi mitano. Nililazwa siku tatu. Wodini pale kila mwanamke anaitwa mama, ni utaratibu wao, mama sogea kidogo, mama umekula, mama geuka nikuchome sindano. Wauguzi walikua watu wema, sitaki mtu anielewe vibaya, walinishika mkono, walinifuta jasho, ila kila waliponiita mama nilikua nasikia kama kuna mtu anafungua kile kidonda upya, na sikua na nguvu ya kusema naomba msiniite hivyo. Ningewaambiaje? Wangeona nimechanganyikiwa. Siku ya tatu akaja muuguzi wa zamu ya usiku, akachukua faili, akalisoma kwanza, afu akaniita jina langu. Jina langu tu la kawaida. Nililia mpaka akadhani amenikosea. Faili lilikua linaning'inia miguuni pa kitanda siku zote tatu na jina limeandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa hiyo wewe unaefanya kazi hospitali, nakuomba kwa moyo wangu wote, mama sio neno la kumwita kila mwanamke aliepo mbele yako. Kuna aliepoteza, kuna anaetafuta, kuna aliekuja kwa jino tu, na majina yao yote unayo kwenye karatasi.

Turudi kwenye umri. Karibu kila mwanamke niliemuuliza anaikumbuka siku ya kwanza kuitwa mama na mtu baki. Mi nilikua na 31, kwenye basi, kondakta akasema "mama sogea nyuma kule kuna nafasi", nikageuka kuangalia anaongea na nani. Shikamoo ya kwanza nayo ni hivyo hivyo, unaamka asubuhi ukiwa unasalimiwa mambo, mchana kijana mwenye ndevu anakuambia shikamoo, unajibu marahaba huku kichwani unapiga hesabu. Sio kwamba kuzeeka ni aibu, hapana. Ni kwamba mtu usiyemjua amekutangazia jambo lako mwenyewe kabla hujawa tayari nalo, na ametangaza mbele za watu.

Sasa kati ya haya mawili ukiwa huna uhakika chagua lipi? Mi nasema dada. Sababu ni hii: mwanamke wa miaka 50 akiitwa dada, mara nyingi anatabasamu, au akikasirika inaisha pale pale. Mwanamke wa 35 akiitwa mama anaenda nalo nyumbani, anasimama kwenye kioo. Makosa yote mawili ni makosa, ila moja linaumiza zaidi. Ukiona mvi au ukiona wazi kwamba huyu ana umri wa kukuzaa wewe, mama bila kusita, na ukimuanzia na shikamoo ndo vizuri zaidi. Wengi wanatumia kipimo cha nguo, yani akivaa kitenge na kilemba ni mama, akivaa suruali ni dada, hicho kipimo hakifai, mi mwenyewe nikivaa gauni refu naongezewa miaka 10 na nikivaa jinzi narudishiwa.

Na mwanamke akiwa ameongozana na mtoto, usikimbilie kusema "mama mwanao amedondosha kiatu", anaweza kua dada yake, shangazi, au dada wa kazi. Sema "samahani, mtoto amedondosha kiatu". Kiatu kitaokotwa vile vile.

ANTI NA SISTA

Anti lipo katikati pale ambapo dada limekua dogo na mama bado ni kubwa, na kwa hiyo kazi linafanya vizuri, hasa kwa watoto na vijana wakimwita mwanamke wa miaka 30 mpaka 45. Lina uchangamfu. Tatizo lake ni kwamba limechoshwa na biashara, ukipita sehemu yenye wauzaji ni anti huku, anti kule, anti njoo ujaribu, na mwingine anakushika mkono kabisa, kwa hiyo wanawake wengi wakisikia anti kutoka kwa mtu wasiyemjua mkono unaenda kwenye pochi. Shangazi, ambalo ndo anti lenyewe kwa Kiswahili, sijasikia wengi wakilipenda kutoka kwa mtu baki, linazeesha na halina ukaribu wa mama.

Sista nalitaja tu. Ni la watawa na wauguzi, huko lina heshima yake na mahali pake. La mtaani la "oya sista" ni kitu kingine, na wengi hawageuki.

MADAM, NA KWA NINI MWENZIO ANAITWA BOSI

Madam lina kitu ambacho dada na mama hawana, haliulizi umri wala watoto, linaongelea nafasi. Walimu wanalijua, wakuu wa idara wanalijua. Kwa ofisini, benki, kwenye simu ya kazi, ni chaguo zuri, na mwanamke wa miaka 25 na wa 60 wanalipokea sawa. Ubaya wake ni kwamba linaweka ukuta, linasikika baridi, na mtaani mtu akikuita madam unaanza kujiuliza anataka kukuuzia nini. Wapo wanaosema linawafanya waonekane wana maringo wakati hawajasema neno. Hiyo naielewa.

Ila madam limenifanya nione jambo lingine ambalo mi linanisumbua kuliko yote humu. Sikiliza wanaume wanavyoitwa na watu wasiowajua. Bosi. Mkuu. Kiongozi. Chifu. Mheshimiwa. Tajiri. Ndio wapo wanaoitwa kaka, baba, mzee, lakini pembeni wana kabati zima la vyeo, na havina masharti, mtu amevaa shati tu la kawaida anaitwa mkuu. Sisi je? Dada, mama, anti, bibi, binti, mrembo, mpenzi. Yote ni ya ukoo au ya mwili. Cheo chetu ni madam peke yake na hilo nalo mpaka ufanane nalo. Mteja wetu mmoja ni meneja, siku moja alifika mahali na kijana aliemuajiri mwenyewe miezi miwili nyuma, mlinzi akafungua geti akasema "karibu bosi, karibu dada". Bosi ni yule kijana. Aliniambia hakukasirikia neno dada, angekua peke yake asingeliona, alichokisikia ni yale maneno mawili yakiwa yamekaa pamoja.

Na hapo ndo utaona kwamba kulinganisha sio neno na neno tu, ni pia unamwita nani alieko pembeni. Ukimwita mwanaume kaka, mwite mwanamke dada, mmelingana. Ukimwita mwanaume bosi, na mwanamke mwite bosi. Mkuu, kiongozi, bosi, mheshimiwa, haya hayana jinsia kwenye lugha yetu, hakuna sheria ya sarufi inayosema ni ya wanaume. Nilianza kuwaita wanawake "karibu kiongozi" pale kaunta kama nilivyokua nawaita wanaume, wawili watatu walishangaa, wengi walinyooka mgongo kidogo na wakaendelea na shughuli zao.

BI, BIBI, MISI NA MISESI

Hapa kuna habari nzuri ambayo hatuitumii. Wenzetu wa lugha nyingine wamepigana miaka mingi kwa sababu maneno yao yanamgawa mwanamke kwa ndoa. Ujerumani Magharibi mpaka 1972 ndipo wizara yao ya mambo ya ndani ilipoelekeza ofisi za serikali ziache kutumia Fräulein, ambalo ni la asieolewa na maana yake ni kama "kimwanamke", na kila mwanamke mtu mzima aitwe Frau. Ufaransa wao ilifika 2012 ndipo mademoiselle, nalo la asieolewa, ikaondolewa kwenye fomu za serikali. Kwa Kiingereza ilibidi watu wapigie debe neno Ms. ili mwanamke asilazimike kusema kama ameolewa, na gazeti la New York Times lilikubali kulitumia 1986. Na mwanaume kwenye lugha zote hizo alikua na neno moja tu, hakuna aliemuuliza ana mke.

Sisi tuna Bi. Bi haisemi umeolewa, haisemi hujaolewa, iko sawa na Bw. kabisa. Neno tunalo tayari bila kupigana! Lakini tumeenda kuazima misi na misesi, unajaza fomu unaulizwa "misi au misesi?", mwanamke aliefiwa na mume au alieachika anasimama na kalamu hewani anawaza ajibu nini. Kwa maandishi, barua, bahasha, kadi, kutangaza majina ukumbini, mi nasema Bi na jina lake, basi.

Tatizo la Bi ni moja, kuongea. Ukimwita mtu "bi" peke yake bila jina inakaa vibaya, na ukirefusha unapata bibi, na bibi siku hizi wengi wanasikia mama mzaa mama. Zamani halikua hivyo. Bibi Titi Mohammed alizaliwa 1926, na miaka ya 50 alipokua anahamasisha wanawake wajiunge na TANU alikua hajafika hata 35, na aliitwa Bibi kwa heshima, hakuna aliedhani ni ajuza. Neno limehama. Saivi hata wanawake wenye wajukuu saba wananiambia bibi ni la wajukuu zangu, we niite mama. Kwa hiyo bibi kwa mtu usiyemjua acha kabisa, labda akuombe mwenyewe. Bibie nalo lina sauti ya kubembeleza au ya kugombeza, mara nyingi sio la kheri.

Binti na mwanangu yanategemea nani anasema. Mzee wa miaka 70 akiniita mwanangu nasikia raha, kweli, nasikia kama nimebarikiwa. Mwanaume tuliezaliwa mwaka mmoja akiniita binti kwenye kikao cha kazi, hapo amenikalisha chini.

MREMBO, MPENZI, BEBI, DIA

Hili kundi ndo lina mgawanyiko mkubwa, na ukiangalia vizuri utaona mgawanyiko wenyewe hauko kwenye neno, uko kwenye mdomo unaolitoa.

Mwanamke kwa mwanamke: muuzaji wa mtandaoni anakuandikia "karibu mpenzi, mzigo upo", au "dia nitumie saizi yako". Wengi wanalipokea vizuri, ni uchangamfu wa biashara, na wengine wanasema linawafariji hasa siku ambayo hakuna aliewasemesha vizuri. Kuna wachache linawaudhi kwa sababu wanaona ni ukaribu wa kuigiza, leo mpenzi, kesho ukirudisha mzigo unajibiwa "soma masharti". Mi niko katikati. Kama unauza na huna uhakika, "karibu" inatosha, hakuna mteja aliewahi kuondoka kwa sababu hakuitwa mpenzi.

Mwanaume kwa mwanamke asiyemjua: hapa nasema acha. Najua kuna atakaesema ni sifa, kwani mrembo ni tusi? Nisikilize. Dada hailazimishi jibu. Ukimwita mtu dada umuulize njia, atakujibu njia. Ukimwita mrembo umeshamwambia nimekuangalia, na sasa anatakiwa afanye kitu na hiyo taarifa, acheke, ashukuru, asimame. Asipofanya? Kila mwanamke anajua kinachofuata maana kimemtokea. Nilikua na miaka 16 narudi na madaftari, kijana akaniita mrembo, mtoto mzuri, nikaendelea kutembea, hatua kumi mbele yule yule akapaza sauti kwamba kwanza mbaya, miguu kama nini, unaringia nini. Dakika haijaisha. Tangu hapo mrembo kutoka kwa mwanaume nisiyemjua nalisikia pamoja na lile la pili hata kama hajalisema, na nikiwauliza wenzangu wanasema hivyo hivyo, kwamba wanapoitwa wanaanza kupima, nikikaa kimya huyu atafanyaje, njia ina watu, kumeshaingia giza? Kijana anaweza kua mwema kabisa hana neno, ila mwanamke anaeitwa hawezi kujua hilo.

Yapo makali zaidi, pisi, toto, mke wangu, mchumba, haya hata sitalinganisha. Na ile ya ksss, au mluzi, au "we mwanamke", hayo sio majina.

Shemeji na wifi kwa mtu baki huwa wanatumia kama utani, lakini yote mawili yanakubandika kwa mwanaume fulani ambae hata hayupo. Nayaruka.

KUTOMWITA CHOCHOTE

Hili wengi hawalihesabu kama chaguo na mimi ndo nalitumia kuliko yote siku hizi. Samahani. Habari za saa hizi. Karibu. Naomba kuuliza. Hakuna neno la kumbandika, na hajakosewa adabu, maana adabu yetu sehemu kubwa iko kwenye salamu na sauti. "Habari za asubuhi, karibu, nikusaidie nini?" imekamilika kabisa, ijaribu kwa sauti uone kama kuna kitu kimepungua. Kwa maandishi kuna mteja, na ndugu, ambalo halina jinsia wala umri, ingawa kwa mdomo ndugu linasikika kama mkutano umeanza.

Kwenye simu ndo inakufaa zaidi, maana sauti inadanganya. Dada yangu ana sauti nzito, wanampigia wa huduma kwa wateja wanamwita baba, anawasahihisha, wanaona aibu, wanamwita mama, ana miaka 27. Makosa mawili ndani ya sekunde tano ambayo "habari, naongea na nani?" ingeyazuia yote.

Na ukiwa na nafasi ya kukaa na mtu zaidi ya dakika mbili, muulize. "Nikuite nani?" Majibu utakayopata yatakushangaza. Mama mmoja mwenye mvi kichwa kizima, nilikua nimeshajiandaa kusema mama, nikamuuliza, akakaa kimya kidogo akasema "niite Mwalimu, nimestaafu ila niite Mwalimu". Mwingine wa umri huo huo akataka jina lake la kwanza, akasema toka mumewe afariki hakuna anaelitaja.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa haraka haraka, we ni dereva au kondakta, tumia dada, mama kwa mwenye mvi, na ukiweza "abiria wa mbele" maliza hivyo. Mlinzi au mapokezi, samahani na karibu, na ukiwapa wanaume vyeo wape na wanawake. Muuguzi au daktari, jina kutoka kwenye faili. Unaandika barua, Bi na jina. Unauza mtandaoni, karibu. Ni mwanaume unatembea zako na umeona mwanamke amependeza, mwache apite.

Na siku ukikosea, maana utakosea, mi mwenyewe mwezi uliopita nilimwita mama mwanamke ambae nilipoona kitambulisho chake amenizidi miezi minne tu, na uso wake ulibadilika nikaona. Akikusahihisha sema "sawa, samahani", afu tumia neno alilokupa na muendelee na kilichomleta. Usimuulize kwani mama ni vibaya, usimwambie mbona wengine hawakatai, usimuulize ana miaka mingapi. Na kama hajasema kitu ila umeona uso umebadilika, badilisha neno kimya kimya sentensi inayofuata, atasikia.